Mkono wa Kushoto wa Bi Mdundo

Mke wangu ni mpiga drams. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke, amalize, tuendelee. Mimi ni fundi viatu, na karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo kila mteja anayeleta soli iliyobanduka anasikia tak-tak-tak kutoka chumba cha pili na kuniuliza kama nimeajiri fundi mwingine. Namjibu hapana, huyo ni mama watoto, yuko mazoezini. Wengi hudhani nawatania. Kuna mmoja aliyenyoosha shingo mlangoni ahakikishe, akamkuta mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya dobi, vipokea sauti masikioni, anachapa visahani vya mpira huku amefumba macho. Alirudi akakaa kimya mpaka kiatu chake kikaisha.

Kazi yake ya kuandikwa ni huo udobi. Anafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja kubwa. Mwisho wa wiki, jioni, anavua aproni, anapanda jukwaa dogo kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli hiyo hiyo na kukaa nyuma ya bendi. Huko hakuna anayemwita kwa jina la kuzaliwa. Ni Bi Mdundo. Wapishi ndio waliompa jina hilo, enzi akiwa msichana anayegonga ndoo za kufulia kwa miko ya mbao akiimba, na mimi nilipomwoa, nilioa pamoja na jina lake.

Kwenye mdundo hana masihara. Akisubiri chai ichemke, vidole vinagonga meza. Akitembea na mtu njiani, ukipotea hatua anakusukuma bega urudi kwenye mstari. Nyundo yangu hawezi kuivumilia hata kidogo. "Wewe unapiga misumari kama mtu anayekimbizwa na mbwa," ananiambia kutoka chumba cha pili, na mimi namjibu kwamba viatu havichezi muziki, vinatembea. Basi tunacheka, kila mmoja anarudi kwenye kelele zake. Ndivyo tulivyoishi, na nilijiona mtu mwenye bahati.

Drams zenyewe ni za umeme. Hoteli ilizinunua kwa sababu wageni wanataka kula na kuongea, hawataki kupigiwa ngoma za kweli masikioni. Ni visahani vya mpira vimesimama kwenye miguu ya chuma, kila kimoja kina waya wake, na nyaya zote zinaingia kwenye kisanduku kimoja, ambacho ndicho kinachotoa sauti. Siku za kazi zinakaa kwetu, maana stoo ya hoteli ina unyevu na mke wangu haamini mikono ya mtu mwingine. Gari la hoteli linazifuata Jumamosi na kuzirudisha. Akifanya mazoezi nyumbani, sauti yote inaingia masikioni mwake peke yake. Sisi wengine tunachosikia ni vijiti vikigonga mpira.

Kati ya visahani hivyo kuna cha katikati, ambacho mpigaji hukipiga kwa mkono wa kushoto. Hicho ndicho kinachotoa ile "pa" ya wimbo. Mguu unasema dum, mkono wa kushoto unajibu pa. Dum, pa. Dum, pa. Mengine yote ni mapambo. Ukiondoa pa, wachezaji wanasimama katikati ya ukumbi kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Mke wangu alinieleza hayo tukiwa wachumba, akinipigia begani, na ndiyo elimu yote ya muziki niliyo nayo.

Sasa, ikaanza kutokea kwamba pa haitoki. Si mara zote. Wimbo unakwenda vizuri, halafu pa moja inapotea, inayofuata inatoka, mbili zinapotea. Bi Mdundo akasema kisahani kimekuwa kiziwi, mashine imezeeka, haisikii tena mkono wa kushoto. Kiongozi wa bendi, ambaye tunamwita Kapteni, akamwita fundi wa mitambo wa hoteli.

Huyu fundi ni mtu mzima mwenye familia yake, mpole, mwenye kutembea ameinamisha kichwa kama anatafuta kitu alichodondosha. Anatengeneza vipaza sauti, majokofu, kengele za milangoni, kila kitu. Alikifungua kile kisahani, akakiangalia, akakifunga, akasema labda ni waya. Akabadilisha waya. Jumamosi iliyofuata pa ikapotea tena. Akabadilisha waya mwingine. Ikapotea. Mke wangu, ambaye kwa vijembe hajambo, akamwita Waya mbele ya wapishi, na jina likashika siku hiyo hiyo. Hoteli nzima ikawa inamwita Waya, mpaka wageni. Mke wangu aliponisimulia nilicheka mpaka nikajichoma na sindano, na tangu hapo nami sikumwita kwa jina jingine.

Alipoona nyaya hazisaidii, Waya akaongeza usikivu wa kile kisahani kwenye kisanduku. Ikawa balaa jingine. Kisahani kikawa kinasikia hata yasiyokihusu. Kulikuwa na hafla ya mzee mmoja anayestaafu, amesimama anatoa hotuba, sauti inamtetemeka, amefika pale anapomshukuru marehemu mkewe. Bi Mdundo akajiweka sawa kitini, goti likagusa chuma, na spika zikasema PA! Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akakunja karatasi yake akakaa.

Kapteni siku za kazi ni mkuu wa mapokezi, mtu wa tai na kauli nyororo kwa wageni, lakini kwa wafanyakazi ulimi wake hauna breki. Alimvaa Waya jikoni, mbele ya kila mtu. Akamwambia hajui kazi, akamwambia kama ingekuwa mashine ya kuoshea vyombo angekuwa ameshaua mtu kwa umeme. Waya alisimama, bisibisi mkononi, akasema, "Samahani, Kapteni. Nitaiangalia tena." Mke wangu alikuwepo, anafuta vijiti vyake. Aliendelea kuvifuta. Alirudi nyumbani akanisimulia, na nilipocheka, kwa mara ya kwanza yeye hakucheka. Nikadhani kachoka.

Siku chache baadaye akaniomba kipande cha ngozi laini. Alitaka nikizungushe kwenye kijiti, kisiteleze mkononi. Nikafanya kazi safi, nikaigundisha kwa gundi ya soli, nikamuuliza cha pili kiko wapi. Akasema hicho kimoja kinatosha. Nikasema haya, nikaendelea na viatu vyangu. Mtu anayeishi na ngozi mikononi kutwa nzima, na mkewe anataka ngozi kwenye kijiti kimoja tu, asijiulize kwa nini. Ndiye mimi huyo.

Mwishowe meneja akachoka na malalamiko. Akakubali hoteli inunue drams mpya, zinazosikia mkono vizuri, zinazoweza kunong'ona wageni wakila na kupaza sauti wakicheza. Akamtuma Kapteni dukani pamoja na Waya, na kusema anayechagua ni Bi Mdundo mwenyewe, maana ndiye mwenye kuzikalia.

Ungedhani mke wangu angeruka kwa furaha. Asubuhi ya siku ya kwenda alikaa kitandani amevaa tayari, viatu miguuni, hatoki. Nikamwambia, "Bibie, unachelewa. Wewe!" Maana hajawahi kuchelewa mahali popote.

Akasema, "Twende wote."

"Mimi? Nikafanye nini huko?"

"Twende tu, baba. Ukae karibu yangu."

Miaka yote ya bendi hajawahi kunialika hata kwenye mazoezi. Nikavimba kichwa. Nikafunga karakana, nikavaa shati la kutokea, nikaenda nimejaa sifa kama mimi ndiye ninayenunuliwa drams.

Duka lenyewe liko ghorofani, lina zulia, na magita yamening'inia ukutani kama nguo zilizoanikwa. Muuzaji ni binti mwenye miwani, mchangamfu, anayesema "karibuni" kama anamaanisha. Kapteni alikuwa ameshafika na tai yake. Waya alisimama nyuma kidogo, mikono mgongoni, anatazama vile visanduku vipya kwa hamu.

"Shemeji naye yupo leo!" Kapteni akasema aliponiona. "Umekuja kupima miguu ya drams?"

Nikacheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati huo.

Muuzaji akatupeleka kwenye seti ya kwanza. Ile sehemu ya kupigwa haikuwa mpira mgumu kama wa kwetu, ilikuwa kitambaa cha wavu kilichovutwa, ukikigusa kinarudi. Akapapasa kwa ncha ya kidole, spika ikatoa sauti ndogo kama mtu anayekwangua karatasi. Kisha akachukua kijiti akapiga sawasawa, dukani watu wakageuka.

"Hii inasikia mkono," akasema. "Ukipapasa, inapapasa. Ukifoka, inafoka. Haiongezi wala haipunguzi." Akageuza kisanduku tuone. Kilikuwa na kioo kidogo, na kwenye kioo kuna mistari inayopanda kila ukipiga, mrefu kwa pigo zito, mfupi kwa pigo jepesi.

"Hiyo ndiyo dawa," Kapteni akasema, akampiga Waya begani. "Hapa sasa, bwana mkubwa, hutakuwa na la kusingizia."

Waya akatabasamu bila kuinua uso. Mke wangu hakuwa anatabasamu. Alikuwa anakitazama kile kioo.

Akakaa. Akatoa vijiti vyake kwenye mkoba, akaweka mguu, akaanza. Mkono wa kulia uliyagusa matoazi, vile visahani vya upande wa kulia, yakamwaga sauti tamu, nikasikia fahari. Mguu ukasema dum, wazi kabisa. Halafu mkono wa kushoto ukashuka katikati, na spika ikasema pa. Pa ndogo. Pa ya mtu anayebisha hodi na kuomba asisikiwe. Dum, pa. Dum, pa. Kwenye kioo mistari ya kulia ilipanda mirefu, wa katikati ukachungulia tu ukarudi.

Na mimi nikaijua ile sauti. Sikuijua kwa sababu najua muziki, nimeshasema sijui. Niliijua kwa sababu ndiyo niliyokuwa naisikia nyumbani kila siku kupitia ukutani, vijiti juu ya mpira, bila mashine kuingia kati. TAK-tik. TAK-tik. Muda wote ule nilidhani ndivyo wimbo unavyotaka. Nilimtazama mke wangu, na nikaona kwamba yeye anajua, na anajua kwamba mimi nimejua, na hakutaka kabisa kunitazama.

Akasimamisha. "Hii nayo mbovu," akasema.

Muuzaji akashangaa. "Mbovu, mama?"

"Hapo katikati. Haisikii."

Tukaenda seti ya pili. Ghali zaidi, wavu mzito zaidi, kioo kikubwa zaidi. Pa ikatoka ndogo vilevile, ila sasa ilionekana vizuri zaidi. "Hii pia," mke wangu akasema. Uso wake ulikuwa umeanza kung'aa jasho. Muuzaji akakuna kichwa. Kapteni akauliza kama duka hili linauza mitumba.

Halafu pembeni, karibu na mlango wa stoo, mke wangu akaona seti ndogo ya visahani vya mpira, inayofanana na ya kwetu kama mtu na mdogo wake. Akaiendea mwenyewe bila kuonyeshwa. Akapiga. Pa ikatoka kubwa, sawa na zote, hata alipogusa kidogo tu. Mashine ile ilikuwa haipimi kitu; ukigusa inapiga kelele, basi.

"Hii," akasema haraka. "Tuchukue hii hapa. Hii ndiyo nzuri."

"Mama, hiyo ni ya watoto wanaoanza kujifunza," muuzaji akasema kwa upole. "Sauti yake ni moja tu. Hamtaweza kupiga polepole."

"Nimesema ndiyo nzuri. Wewe unapiga drams?"

Binti wa watu akarekebisha miwani yake. Nilitamani zulia lifunguke nishuke ghorofa ya chini. Mke wangu hasemi na watu hivyo. Anatania, anachokoza, lakini hamkanyagi mtu aliye kazini. Watu wawili waliokuwa wanajaribu magita wakawa wameacha kupiga, wanajifanya wanasoma bei.

Kapteni akasema, "Bi Mdundo, hiyo si kama ile ile tuliyo nayo? Meneja kasema inayosikia. Nikirudi na hiyo atanielewaje?" Kisha akanigeukia. "Shemeji, wewe una masikio. Ipi?"

Ndiyo maana nililetwa. Nililetwa nikae karibu, na nikiulizwa, nijibu. Mke wangu akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu tuingie, na macho yale yalikuwa yananiomba kama mtoto aliyevunja kitu. Nikasema, "Mwenye kuzipiga ndiye anayejua." Sauti ilinitoka nyembamba. Muuzaji aliniangalia, nikajifanya nasafisha shati.

Lakini Kapteni hakukubali. Akaturudisha kwenye seti ya kwanza, akamwambia muuzaji atafute tatizo. Na yule binti, kwa nia njema kabisa, akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akachomoa kisahani cha katikati, akachomoa kile cha kulia, akabadilisha. Cha kulia akakileta katikati, cha katikati akakipeleka kulia, kila kimoja na waya wake, akazichomeka upya kwenye kisanduku ili katikati pabaki na ile pa yake. "Tujaribu sasa," akasema. "Kama kisahani ni kibovu, ubovu utahamia kulia."

Mke wangu angeweza kukataa. Angeweza kusema kichwa kinamuuma. Sijui kwa nini alikaa. Nadhani alikuwa bado ana tumaini, maana mtu akishajidanganya kwa muda mrefu huanza kujisadiki kidogo. Akapiga. Kulia, sauti nzuri, mstari mrefu. Katikati, kisahani ambacho dakika moja iliyopita kilikuwa kinafoka, pa ndogo.

Ubovu haukuhama.

Muuzaji akafungua mdomo, akaelewa, akaufunga. Aliinamisha uso kwa aibu isiyo yake. Kapteni alikuwa bado anakodolea kioo, akikunja uso, akili yake haijafika huko.

"Ni mimi," Waya akasema.

Wote tukageuka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama kawaida yake, anasugua kidole gumba kwenye kiganja. "Samahani, Kapteni. Mlipokwenda kule kwenye ile nyingine, nilikuwa nachezea vitufe. Nilitaka kuona inavyopangwa. Nadhani nimeshusha upande wa katikati. Ni kosa langu."

Hakuwa amegusa kitufe. Nilikuwa nimesimama karibu naye muda wote. Muuzaji akabonyeza kisanduku, akatazama kioo, akaanza kusema, "Mbona iko kama nilivyo..." Waya akatikisa kichwa kidogo tu, basi, na binti akaishia hapo.

Kapteni akalipuka. "Na huko nyuma? Ile seti ya pili nayo ulichezea? Wewe mtu una nini? Umeharibu ya zamani, umetuaibisha mbele ya wageni, leo unaletwa dukani unaharibu mpya kabla haijanunuliwa! Mimi nimechoka. Nikitoka hapa naenda moja kwa moja kwa meneja, atafute fundi mwingine. Na simtanii mtu."

"Sawa, Kapteni," Waya akasema.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefikia. Mtu ana watoto, ana kodi ya nyumba, ana kazi aliyoifanya kwa unyenyekevu muda wote huu, na sasa inakatika mbele yetu kwa sababu ya pa. Mke wangu angekaa kimya kidogo tu zaidi, ingekuwa imekwisha. Drams zingenunuliwa, lawama zingeondoka na Waya, na siri ingebaki kati yangu na yeye. Nami, Mungu anisamehe, sikufungua mdomo. Nilikuwa naona haya kwa niaba yake, halafu nikaona haya kwa niaba yangu.

Bi Mdundo akainua vijiti.

Sasa hakupiga wimbo. Akavusha mkono wa kulia juu ya wa kushoto, akaupeleka katikati, akapiga. PA! Kubwa, ya kweli, mstari ukagonga juu ya kioo. Kisha akauondoa, akashusha mkono wa kushoto mahali pale pale. Pa. Mkono wa kulia tena: PA! Wa kushoto: pa. Kisahani kile kile, waya ule ule. PA! Pa. Aliendelea hivyo polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, machozi yanamshuka bila yeye kuyajali, mpaka Kapteni akaacha kutazama kioo na kuanza kutazama mikono.

Kijiti cha kushoto kikamponyoka, kikaanguka kwenye zulia, kile chenye ngozi yangu. Hakuwa amekiangusha makusudi. Alikuwa hajajua kwamba hana kitu mkononi mpaka alipokiona chini.

"Vidole havisikii," akasema. "Nikishika pasi sijui kama ni ya moto. Mashine ya zamani ilikuwa nzima. Hii nzima. Zote nilizopiga hapa nzima." Akavuta pumzi. "Mwache huyu baba wa watu, Kapteni. Amebeba mzigo usio wake."

Kapteni, mwenye maneno kwa kila mgeni, alipapasa shingo. Akalegeza tai. "Bi Mdundo," akaanza, "sasa, hii habari, tungeweza, hospitali..." Kisha akamgeukia Waya, akatazama viatu vyake mwenyewe. "Mbona hukusema, bwana?" Lakini hakungoja jibu, alikwenda kusimama mbele ya magita na kutupa mgongo.

Mke wangu akafuta uso kwa mkono wa kulia. Akavuta kiti tena, na kwa mkono huo mmoja akaanza kupapasa ile seti, kisahani hadi kisahani, anasikiliza kwa makini, anagonga ukingoni, anagonga katikati, anaminya toazi kuona kama sauti inakufa mara moja. Akarudia ya pili vivyo hivyo. Alikuwa ametumwa kuchagua, basi akachagua.

"Chukueni ya kwanza," akamwambia muuzaji. "Ile ghali inachelewa kidogo kujibu. Hii inajibu pale pale. Atakayekaa hapa ataipenda." Akasimama. "Na nisamehe, mwanangu, nilikujibu vibaya."

"Hakuna shida, mama," muuzaji akasema, na akaenda stoo haraka, nadhani akalie huko.

Tukateremka ngazi. Kapteni alibaki juu na mambo ya risiti. Tulisimama nje kando ya barabara, sisi watatu, tukilisubiri gari la hoteli, na hakuna aliyejua atazame wapi. Mimi niliyemcheka mtu huyu mezani kwangu, niliyemwita Waya mbele ya wateja ambao hata hawamjui, nilisimama nikichezea funguo mfukoni kama mtoto wa shule.

Mke wangu akamwita kwa jina lake halisi. Sikujua kwamba analijua.

"Ulijua?" akamuuliza.

"Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Siku ile ya kwanza nilipokifungua. Hakikuwa na kitu ndani. Halafu nikakutazama ukipiga."

"Na nyaya zote zile ulizobadilisha?"

"Zilikuwa nzima." Akatabasamu kidogo, kwa kuona haya, kama yeye ndiye mwenye kosa. "Ilibidi nionekane nafanya kitu."

"Wakakutukana. Nikakutukana. Nikakupa jina. Kwa nini hukusema, mdogo wangu? Neno moja tu."

Waya akafikiri. Gari la hoteli lilikuwa linakata kona kuja kwetu, akalitazama, kisha akamtazama mke wangu usoni. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akimtazama mtu usoni.

"Mimi nikitukanwa naenda kutengeneza jokofu," akasema. "Wewe wangekutoa kwenye kiti cha drams, ungekaa wapi, dada?"

Mke wangu akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia pale kando ya barabara, na Waya akamfungulia mlango wa gari.